Kitambaa Chekundu Chini ya Kiti

Jumamosi, 8 Machi

Nimeipata! Miaka miwili na nusu natafuta. Nimeuliza kila gereji, kila jaa la vyuma, nimepigia simu watu nisiowajua mpaka wengine wakadhani mimi ni tapeli. Kumbe muda wote ilikuwa kwa Mama Skrepa, dakika ishirini tu kwa baiskeli. Paa la banda la kuku!

Nilikwenda kutafuta boliti. Namsikiliza anavyolalamika kwamba mizani yake ya kupimia chuma chakavu imeharibika, mara macho yakaenda kwa kuku. Jogoo kasimama juu ya sahani ya chuma, pana, ina mabega matatu ya duara. Nikajua papo hapo. Sahani ya visu ya lile trekta dogo la bustani la shule, lile ninalolifufua. Ya kiwandani, na vibanio vyake vyote vinne! Ndiyo inayofungwa tumboni mwa trekta, visu vitatu chini yake, ukipita nyasi zinalala. Plau lake nililipata mwaka jana, tela mwaka juzi, ila bila sahani hii trekta la bustani ni la kupigia picha tu.

Nikajikaza. Nikasema, Mama, paa lako limeoza, kuku watalowa. Akasema, fundi, macho yako yameshasema, usinizunguke. Mwanamke huyu! Tumekubaliana: namtengenezea mizani, naezeka banda kwa bati, nachukua sahani. Jogoo peke yake hakukubali. Amenidonoa mkono.

Mke wangu kaniona naingia na lile lichuma nyuma ya baiskeli. Kasema naona mke mwenzangu kaletewa sketi. Tangu nistaafu kiwandani, trekta analiita mke mwenza. Haya, mke mwenza ana sketi sasa.

Jumatatu, 10 Machi

Kutwa nakwangua kinyesi cha kuku. Chini ya kinyesi kutu. Chini ya kutu, rangi ya kijani ya asili, ile ile ya trekta. Nikaikodolea macho mpaka chai ikapoa.

Jioni Redio kaja kunisaidia kupiga msasa. Redio ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mtunza bustani wa shule. Kusaidia! Anapiga msasa mara mbili, anaongea mara mia. Hatukumpa jina hilo bure. Leo kaanza na mwalimu wa hesabu aliyefungiwa chooni, kaingia kwenye bei ya viatu, kamalizia na ndoto aliyomwota mama mkwe wake — ambaye ni mama yangu mimi, alishafariki, na bado anamsengenya!

Lakini viganja vyake. Miaka kumi na minne anafyeka ule uwanja wote kwa mkono. Na bado akimaliza anachukua mkasi anachonga ua wa michongoma wa shule: bata yupo, meli ipo, sasa yuko kwenye farasi. Farasi hana mkia bado. Kasema, shemeji, nikikaa kwenye hicho kiti siku moja tu, mgongo wangu utakuandikia barua. Ukweli ni kwamba trekta hili nalifufua kwa ajili yake. Shule walikuwa wanalitupa. Sijamwambia, atavimba kichwa.

Alhamisi, 13 Machi

Beringi mbili za sahani zimekufa. Za dukani hakuna, hazitengenezwi tena. Nimetoa za pampu ya maji iliyokufa — zimeingia taratibu, utadhani ndiko kwao. Mimi ni fundi, jamani! Miaka thelathini na mitatu kiwandani, sijawahi kurudishiwa kazi. Hata moja. Naandika hapa ili siku nikijidharau nije nisome.

Jumapili, 16 Machi

Limewaka. Visu vinazunguka!

Kulikuwa na kikwazo kidogo. Trekta hili lina swichi chini ya kiti. Ukikaa, visu vinazunguka. Ukinyanyuka, visu vinasimama, injini yenyewe inaendelea. Waliolitengeneza walikuwa na akili zao. Sasa mimi nataka nisimame pembeni nisikilize beringi, nikaze mkanda, nani akae kitini? Redio hayupo. Mke wangu kasema yeye hamkalii mke mwenzake. Basi nikaunga nyaya mbili za swichi kwa kipande kifupi cha waya, trekta likadhani kuna mtu kakaa. Kila fundi anaujua ujanja huo.

Juu yake nikafunga kitambaa chekundu. Hiyo ni sheria yangu tangu ujana: cha muda chochote, kitambaa chekundu. Kiwandani waliniita Fundi Matambara. Wacheke. Kitambaa kikiwepo najua kuna kitu bado sijamaliza. Kitambaa kisipokuwepo, kazi imekwisha, nalala usingizi.

Beringi zinaimba vizuri. Ekzosi ndiyo imetoboka, linanguruma kama linagombana na mtu. Nyingine sijaipata. Itafuata.

Ijumaa, 21 Machi

Siku yangu leo! Niandike yote.

Tumelikabidhi trekta shuleni. Shule nzima imejipanga uwanjani. Rangi inang'aa, watoto wanajitazama kwenye boneti wanatoa ndimi. Mwalimu Mkuu kavaa vizuri, mkasi mkononi — na utepe hakuna! Karani kausahau. Mwalimu Mkuu kamtazama karani, nikamwonea huruma. Watoto wameanza kucheka. Nikasema, ngojeni! Nikapeleka mkono chini ya kiti nikachomoa kitambaa changu chekundu, huku nikakishika mimi, huku kakishika Redio, Mwalimu Mkuu akakata, kacha! Makofi. Watu wanasema fundi hakosi kitu.

Redio kipande chake kafunga kwenye usukani, eti nishani.

Nikamwelekeza mbele ya wote kwa sauti ya hadharani. Hii ni klachi, hii ni breki. Nyasi zikikwama, usihangaike: nyanyuka tu kitini, visu vinasimama vyenyewe, toa nyasi zako, rudi ukae. Akataka kujaribu kunyanyuka aone. Nikamwambia, hebu kata kwanza, wewe, watu wanasubiri. Kazunguka uwanja mara moja, kimya, mdomo umefungwa. Redio kimya! Mdogo wangu kaniambia sikioni, kaka, leo umemzima. Analia na kucheka.

Mwalimu Mkuu kanipa mkono mara mbili. Nimekunywa soda tatu.

Jumanne, 25 Machi

Mkono wa Redio.

Mvua ya jana. Nyasi mbichi zilikwama. Akanyanyuka, akashuka, akaingiza mkono.

Vidole vitatu vya kulia. Cha nne daktari hajui.

Siwezi.

Jumatano, 26 Machi

Asubuhi hospitali. Amelala, wamemdunga dawa. Mdogo wangu amekaa na viatu vya Redio mapajani, hataki kuviweka chini. Hakulia. Kanishika mkono, kasema, kaka, usijilaumu, vyuma ni vyuma.

Kwa nini nijilaumu? Nilijiuliza hivyo kabisa. Nilikwazika hata.

Mwalimu Mkuu kaomba nikaliondoe trekta, watoto wasilione. Nimekwenda na jirani mwenye pikapu. Lilikuwa katikati ya uwanja pale pale. Mistari mitatu ya nyasi imekatwa, imenyooka, huwezi kuilaumu. Wa nne umeishia nusu. Mtu alikuwa amemwaga mchanga.

Jirani alipoondoka nikaliingiza bandani nikafunga mlango. Nilikuwa na hasira. Nilisema hii swichi itakuwa imeoza ndani, wamenitia aibu hawa waliolitengeneza, ngoja niwaone. Nikanyanyua kiti.

Kipande changu cha waya. Kimekaa pale pale nilipokiweka.

Niliketi chini. Halafu mikono yangu — naandika mikono yangu, nani mwingine? — nikachomoa ule waya. Nikarudisha swichi inavyotakiwa. Nikazungusha tepu nyeusi. Tepu ilikuwa inang'aa mno, mpya, nikaipaka grisi na vumbi ionekane ya zamani.

Nilijua ninachofanya. Nisijidanganye humu pia. Nilitaka mtu asione.

Waya nimeuweka kwenye ukurasa huu.

Ijumaa, 28 Machi

Kidole cha nne kimekatwa. Amebaki na gumba.

Nilikwenda nimejiandaa kusema. Njia nzima nimepanga maneno. Nimefika, Redio anatazama ukuta. Nikamsalimia, akaitika. Basi. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee mmoja mwenye kikohozi, kaniuliza, huyu ni bubu? Mdogo wangu akatoka nje haraka.

Baadaye Redio kasema mwenyewe, bila kuulizwa, anatazama ukuta bado: Nilisikia linanguruma, nikajua ni injini tu. Si ulisema visu vinasimama? Halafu akasema, au labda sikunyanyuka vizuri.

Nikafungua mdomo. Nesi akaingia kubadilisha bandeji. Nesi! Kana kwamba nesi ndiye aliyenizuia. Aliingia, alitoka, nilikuwa bado nimesimama pale pale, na sikusema.

Nilimpelekea machungwa. Nilimpelekea mtu wa mkono mmoja machungwa ya kumenya. Mke wangu ndiye aliyegundua, akayamenya yote, akayapanga kwenye kisahani bila kunitazama.

Jumatatu, 31 Machi

Mwalimu Mkuu kaja nyumbani. Hakukaa. Kasema mkaguzi wa ajali kazini anakuja Ijumaa kulitazama trekta hapa kwangu. Kanieleza taratibu, anavyoeleza mwanafunzi mgumu wa kuelewa. Ikionekana mashine ilikuwa na kasoro, Redio analipwa fidia, na shule inalazimika kumtafutia kazi nyingine, na nyumba ya shule wanayokaa wanabaki nayo. Ikionekana mashine ni nzima, ni uzembe wake mwenyewe. Hapo hakuna kitu. Na nyumba watahama, atahitajika mtunza bustani mwingine.

Akasema, fundi, mimi sielewi mashine, lakini namwombea Redio ipatikane kasoro.

Nikasema, ndiyo, Mwalimu.

Mashine haina kasoro. Nimeitengeneza mwenyewe Jumatano, nimefunga mlango. Hakuna kazi yangu iliyowahi kuwa safi hivyo.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeingia bandani mara tatu leo. Mara ya kwanza nimeurudisha waya, nikatoka. Nikasema, mkaguzi atauona mwenyewe, sitahitaji kusema neno. Nikarudi nikautoa. Nikaurudisha tena. Nikautoa.

Maana wakiuona wataniuliza. Nani aliuweka? Ni mimi peke yangu niliyegusa. Na mdogo wangu atakuwa amesimama pale. Mama alipokuwa mahututi aliniachia mimi huyu mtoto, alikuwa na miaka tisa. Nimemlea mimi, nimemwoza mimi, kwa Redio, kwa sababu nilisema huyu anaongea sana lakini mikono yake haina uvivu. Nilisema maneno hayo hayo. Mikono yake.

Mke wangu kauliza unatafuta nini bandani. Nikasema spana. Akasema spana gani inatafutwa siku nzima. Nikamfokea. Miaka thelathini na moja ya ndoa sijamfokea kwa ajili ya spana. Kaenda kuanua nguo.

Ninajiogopa.

Alhamisi, 3 Aprili

Redio ametolewa hospitali. Nimepita karibu na shule makusudi. Ule ua wa michongoma umeanza kuota hovyo. Bata ana ndevu. Farasi bado hana mkia.

Sikuingia kwao.

Ijumaa, 4 Aprili

Naandika haraka, wako nje.

Mkaguzi ni mwanamke mfupi, viatu vya kazi, hana haraka. Nilitegemea mtu wa kalamu na tai. Huyu kakunja mikono ya shati, kalala chini ya trekta mwenyewe. Mwalimu Mkuu kaja. Mdogo wangu kaja. Na Redio kaja, hakuna aliyemwambia aje. Shati kafunga vifungo mwenyewe, kimoja kimeruka, upande mmoja umepanda juu. Hakuna aliyethubutu kumrekebisha.

Mkaguzi akakaa kitini. Akawasha. Ngurumo ile. Mdogo wangu akaziba masikio. Visu vikazunguka. Mkaguzi akanyanyuka — visu vikasimama. Akakaa, vikazunguka. Akanyanyuka, vikasimama. Mara tatu. Mara nne. Swichi haijakosea hata mara moja. Mimi ni fundi.

Akazima. Akanyanyua kiti, akamulika tochi, akagusa tepu kwa kidole, akakitazama kidole. Nikadhani hapo basi. Nusu yangu ikaomba iwe basi. Akajifuta grisi kwenye suruali, akaandika.

Mashine ni nzima, akasema.

Mwalimu Mkuu akatazama chini. Mdogo wangu alisogea akasimama karibu zaidi na mumewe. Redio akasema, basi sikunyanyuka vizuri. Labda nililalia kiti. Niandikie hivyo, dada. Na mkaguzi akaandika! Nilimwona akiandika, neno kwa neno, jinsi Redio alivyojikatia kosa langu kama nguo akajivika.

Halafu akanigeukia mimi. Fundi, kuna mahali pako pa sahihi. Unathibitisha kwamba mashine uliikabidhi ikiwa hivi hivi, na haijaguswa tangu ajali. Akaninyooshea karatasi na kalamu.

Redio alikuwa amesimama kando ya usukani. Ile nishani yake bado imefungwa pale, imechafuka. Akaishika kwa mkono wa kushoto, akaipapasa. Redio anazijua kazi zangu. Amepiga msasa humu bandani miaka mingapi, anazijua sheria zangu zote, alikuwa ananicheka nazo. Akaniuliza, polepole, mimi peke yangu nilisikia. Wiki nzima hajaniuliza kitu.

Shemeji, siku ile ya utepe. Kitambaa hiki ulikitoa kimefunga nini?

Hakuniuliza kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeweza.

Nikamwambia mkaguzi, samahani, nikachukue miwani nitie sahihi. Nikaingia ndani. Nimekaa kitandani na daftari hili. Waya huu hapa, mfupi kuliko kidole. Kalamu ya mkaguzi nimeibeba bila kujua, ndiyo ninayoandikia.

Mke wangu amesimama mlangoni, anatazama waya. Kutoka nje mdogo wangu anaita, kaka? Kaka, vipi, bado? Namsikia Redio anamjibu, mwache, anatafuta miwani.

Miwani ninayo usoni.